Michembe ya Mshtarii

Jumamosi ya viazi, uani kwetu Isevya.
Nakata, natupa mkekani:
hiki kimepinda kama sikio,
hiki kina tundu la fukusi,
hiki kilivunjika kabla sijakigusa.
Jua la Tabora litavinyonya maji,
vitaitwa michembe,
na havitafanana hata viwili.

Mihayo amerudi na daftari la fizikia.
Anachuchumaa, anaokota kipande, anakigeuza.
"Mama, huko juu kuna miezi ya namna hii."
Namwambia mwezi ni duara,
na sisi ni Wanyamwezi, usije kutufundisha mwezi.

Anacheka. Anaweka sufuria ya msibani katikati ya ua:
hii Mshtarii, sayari iliyozishinda zote unene.
Anapanga vipande kuizunguka, mbali, mbali zaidi,
cha mwisho karibu na banda la kuku.

"Kitu kikitaka kuwa duara, Mama,
sharti kiwe na uzito wa kujivuta chenyewe
kuelekea moyoni mwake, pande zote,
kijifinyange bila mikono.
Hii midogo haikufikia uzito huo.
Imebaki ilivyovunjika."

Imebaki ilivyovunjika.
Nikaendelea kukata.

"Na mingi haikuzaliwa pale.
Ilikuwa inapita na safari zake,
sayari ikaivuta, ikainasa.
Ndiyo maana mingine inazunguka kinyume:
wenzake wakienda huku, yenyewe inakuja kule."

Kisu kikasimama.

Maana ndani, saa tisa alasiri, kuna mtu amelala.

Tulimkuta stesheni, masika yale reli ilipokatika
na treni ya Kigoma ikalala hapa siku tatu.
Nilikuwa nauza matobolwa dirisha kwa dirisha.
Mtoto wa miaka tisa, dumu la mawese kifuani,
anapita tu, anakwenda Dodoma kwa mjomba
ambaye simu yake haikupokelewa
wiki ile, wala mwaka ule.
Kapela, mume wangu, akasema:
ale, alale, kesho tutajua.
Kesho hiyo ina miaka kumi na mmoja.

Anaitwa Bukuru. Kwao, ni pacha aliyetangulia;
kwetu angekuwa Kulwa.
Doto wake yuko wapi
hajasema, nasi hatujamkatia neno hilo kwa kisu.

Huingia kwa mlango wa nyuma, hata akibeba gunia.
Hula ugali kwanza, ndipo anywe chai.
Usiku analinda ghala la asali, mchana anakoroma.
Yeye na Mihayo hukutana langoni alfajiri,
mmoja anatoka, mwingine anarudi,
wanagusana mabega, basi.

Mwaka juzi alikwenda Kaliua kwenye tumbaku.
Hakupiga simu. Mvua moja, mvua ya pili.
Kapela akaacha kumtaja; mimi nikaacha kufunga komeo.
Asubuhi moja mlango wa nyuma ukalia,
akauliza chumvi iko wapi,
kama mtu aliyekwenda kisimani.

"Mzunguko mmoja," Mihayo anasoma,
kidole kwenye mstari, hanitazami,
"huchukua karibu miaka miwili."

Nikamuuliza hiyo miezi ina majina.
Akasema mingine inayo, mingi ina namba na herufi,
inasubiri.
Nikamuuliza, inaonekana kwa macho?
Akasema hapana, hata kwa darubini ya shule.
Inajulikana ipo kwa sababu imehesabiwa,
usiku baada ya usiku,
na mtu asiyechoka kuangalia pale pale.

Bukuru akatoka, kitenge changu cha zamani kiunoni,
usingizi umemchora shavu.
Akaitazama sufuria tupu katikati ya ua,
akavitazama vipande, akanitazama mimi.
Hakuuliza.
Akaenda hadi banda la kuku,
akaokota kile cha mbali kuliko vyote,
akakipuliza vumbi, akakitafuna kibichi,
akapita zake bafuni.

"Umekula mwezi!" Mihayo akapiga kelele.

Nami nikaishika sufuria masikio yote mawili,
nikaisogeza kidogo,
upande wa mlango wa nyuma.